Sumu ya Chura na Dawa ya Shangazi

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mwankoko hatujambo. Babu yako anapura alizeti huku akigombana na kuku.

Unaniuliza kama uende kwa hao waganga wa mjini, uchomwe mkono na kupakwa kwenye kidonda sumu ya chura wa msitu wa Amazoni, eti utapike, usafike, umsahau huyo aliyekuacha. Usiende.

Mchumba wangu Yohana alipooa mwingine kule Misigiri, niliiba dawa ya kutapisha ya shangazi yangu, nikanywa kikombe kizima. Nilitapika mpaka tumbo likabaki tupu. Nilipoinua kichwa, Yohana alikuwa bado mume wa mtu.

Shangazi akanipikia uji wa mtama. "Tumbo lako halikuwa na kosa," akasema. "Haya, sasa lia."

Nikalia, kisha nikaomba uji mwingine.

Bibi yako