Aliyesimamisha Gari

Mucojo, 9 Agosti 1969

Kwako Dada Chamima,

Salamu nyingi zikufikie huko Lindi, wewe na Shemeji Selemane pamoja na watoto. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Ni moyo tu ndio hautulii. Mwambie shemeji nimesikia bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta, nami nimefurahi, maana mtu anayelala hivyo hana wasiwasi. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa. Barua hii anakuletea Mamudo, anayevukia Rovuma upande wa Nhica. Ukishaisoma ichome, usimwachie hata mtoto aichezee.

Wewe unanijua, dada. Mimi ndiye niliyekuwa namkimbia jogoo wa bibi. Basi usishangae utakayoyasoma.

Unawakumbuka rafiki zangu wawili. Chaquir, mtoto wa Mama Awa, ambaye marehemu baba yake alikuwa dereva wa Senhor Freitas kwenye shamba la minazi. Na Gaspar, kijana wa bara aliyeshuka huku na mama yake vita vilipoanza, tukasoma naye escola, ile shule ya Wareno. Tulikuwa watatu na baiskeli moja, na hatukuwahi kugombea zamu. Mwaka jana Senhor Freitas alifunga mizigo akarudi kwao Ureno. Alimwambia Chaquir kwamba lile Landrova bovu lililokuwa bandani kwenye mbata ni lake, akiweza kulifufua. Chaquir ana miaka kumi na saba. Miezi mitatu tulilala chini ya gari lile tukipokezana spana, na Gaspar akachonga kishikio cha gia kwa mpingo, kizuri kuliko kile kilichokuja na gari. Siku lilipowaka nililia, wenzangu wakanicheka.

Wiki mbili tulipanda wote watatu kiti cha mbele, tumebanana, tukienda popote bila sababu. Kisha petroli ikaisha. Petroli iko kwa shefe wa posto peke yake, yule mkubwa wa serikali ya Wareno hapa. Alimwita Chaquir, akamwambia atampa petroli na guia, ile karatasi ya kupitia njiani, mradi kila Jumamosi awapelekee askari wa Kireno, hao tropa, walioko Quiterajo magunia yao ya unga. Chaquir alisema unga ni unga tu, kila mtu anakula. Gaspar alisema unga wa tropa si unga tu, akashuka, wala hakupanda tena. Mjomba wake Gaspar yuko porini na wapiganaji. Sote tunajua na hatusemi.

Toka hapo kila mmoja akawa ananivuta pembeni. Chaquir, ambaye sasa alivaa miwani myeusi na kupiga honi mlangoni kwetu mpaka mama anatukana, aliniuliza Gaspar huwa anakwenda wapi siku za Alhamisi. Gaspar aliniuliza Chaquir huwa anazungumza nini na shefe. Niliogopa kotekote. Nikawajibu wote kwamba sijui, nikabaki rafiki wa watu wawili wasiosalimiana.

Ijumaa moja mwezi uliopita Gaspar alinikuta natoka msikitini. Alisema kesho nisipande gari. Akanieleza kwamba kwao tawi bichi likilazwa ukingoni mwa njia, majani yakielekea kichakani, maana yake njia imefungwa, na kwamba sisi watu wa pwani huwa tunalipita tu kama takataka. Nilimwuliza kwa nini asimwambie Chaquir mwenyewe. Alijibu kwamba Chaquir akijua, shefe atajua kabla jua halijatua, na yeye Gaspar atauawa. Akaniapisha.

Asubuhi honi ikalia, nami nikapanda. Nilifikiri nikikaa nyumbani Chaquir ataniuliza sababu, na nisipokuwepo atakwenda kufa peke yake. Nilikaza macho barabarani huku yeye akiimba. Tulipovuka kijito nikaliona: tawi la mkorosho, majani bado yanang'aa. Nikashika tumbo, nikapiga kelele kwamba naharisha, asimamishe. Alisimamisha huku akinitukana kwa ajili ya viti vyake. Nikachuchumaa kichakani muda mrefu nikitafuta uongo wa kumrudisha nyumbani.

Hapo ndipo lori la tropa likatokea nyuma yetu. Dada, hilo sikuwa nimelifikiria. Lilipiga honi likatupita, na askari mmoja aliyekaa nyuma, kijana wa umri wangu, akaninyooshea kidole akicheka jinsi nilivyoshikilia suruali. Ningeweza kuwapungia mkono wasimame. Sikupunga. Kisha ukaja mlio wa bomu lililotegwa njiani, na mchanga ukatumwagikia mpaka ndani ya gari. Walikufa wanne.

Tulikamatwa siku ileile, tukawekwa vyumba mbalimbali. Mkubwa wao alitaka kujua jambo moja tu: nani aliyesimamisha gari. Kama ningesema ni mimi, angeuliza nilijuaje, na ningemtaja Gaspar. Najijua, kofi la kwanza lingetosha. Basi nilisema ni Chaquir. Nilisema alisimama kwa hiari yake, mimi nilikuwa nasinzia. Hawakunigusa. Wakamleta Chaquir, uso umevimba, wakamsomea maneno yangu nami nimesimama hapohapo. Alinitazama. Nadhani alielewa yote kwa mara moja. Akasema ndiyo, alisimamisha mwenyewe. Wamempeleka gerezani kisiwani, na katika waliopelekwa kule sijasikia aliyerudi.

Gaspar aliposikia nimeachiwa bila alama mwilini, aliamini nimewauza wote wawili. Ameingia porini kwa mjomba wake.

Na mimi wamenipa gari. Shefe alisema mtu mkweli anastahili zawadi. Kesho asubuhi nitaliendesha mbele ya malori ya tropa mpaka Quiterajo, ili kama kuna kitu ardhini kinikute mimi kwanza. Nikiliona tawi siwezi kusimama, dada. Nikisimama tu, watajua ni nani aliyesimamisha siku ile. Naogopa mpaka meno yanagongana, na mama anadhani nina homa.

Leo mchana Mama Awa ameniletea wali wa nazi na samaki. Amenishukuru kwa kukubali kuliendesha, lisije likaoza, akaniomba nimtunzie mwanawe gari lake mpaka atakaporudi. Alikaa mbele yangu ananitazama nikila. Nimeula wote.

Wabusu watoto, umsalimie shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Barua ichome, lakini maneno haya yashike. Ukisikia nimekufa, tafuta njia umwambie Mama Awa ukweli wote. Nikiwa hai sitamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Issufo