Kuvunja Uchumba Ndani ya Hifadhi

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata mahali. Hifadhi ya wanyama, ile kubwa nje kidogo ya jiji. Sababu ni moja tu: ukishapita geti, ni marufuku kushuka garini. Mwalimu hataweza kuinuka na kuniacha katikati ya sentensi, kama alivyofanya mgahawani, kama alivyofanya sebuleni kwetu. Nitamwambia: sitaki unioe. Jumatatu kadi za mwaliko zinapelekwa kuchapwa. Baada ya hapo nitakuwa navunja uchumba wa watu mia tatu.

Dada anasema nimpigie tu simu nimalize. Dada hajawahi kuongea na Mwalimu kwa simu. Jambo likiwa zito, mtandao unamsumbua.

Ijumaa, 7 Machi

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyo — alinifundisha gari kwenye chuo cha udereva. Alinichumbia kwenye somo la kupanda kilima. Gari linarudi nyuma, lori nyuma yetu linapiga honi, naye amekunja miguu kama yuko kwenye mkeka. Akauliza kama nitakubali anioe. Nikasema ndiyo ili akanyage breki ya upande wake. Akakanyaga.

Huo ndio uchumba wangu. Miezi minane naupamba.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha. Ningempata na ubaya hata mmoja, ningeushikilia.

Amefurahi kusikia habari za hifadhi. Niendeshe mimi, anasema, mkono usije ukawa mzito. Atakuja na gari la chuo.

Jumamosi, 8 Machi

Kaja na mama yake.

Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo kakaa mbele. Mwalimu kaenda nyuma na chupa za maji. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari la chuo lina breki ya pili upande wa abiria. Mama aliigundua kabla hatujafika getini. Aliipenda.

Askari wa geti alitazama kibao cha L juu ya paa. Akauliza kama simba wamearifiwa.

Ndani ni pazuri, nikiri. Pundamilia wanakula, na nyuma yao maghorofa ya jiji, kama yamesahauliwa hapo na mtu. Nikapumua. Nikaanza: "Mwalimu, kuna jambo —"

Breki. Paji la uso karibu na kioo.

"Swala," Mama akasema.

Kweli, swala. Tukamtazama. Nikaondoa gari, nikaanza tena. Breki. "Twiga." Haya, twiga. Mara ya tatu nilifika mpaka "kuhusu ndoa" na breki ikashuka mpaka chini.

"Ngiri, mwanangu."

Hapakuwa na ngiri. Nilitafuta pande zote. Mama alikuwa anatazama mbele, ametulia, mkoba mapajani. Basi anajua. Tangu lini?

Tukiwa tumesimama kwa ajili ya ngiri ambaye hayupo, akaja simba jike. Akazunguka gari, akachagua kivuli cha upande wangu, akalala. Mwalimu kapiga simu getini. Wanasema tuzime gari, tusishushe vioo, tusubiri aamke mwenyewe.

Bado Jumamosi, bado hapa

Naandika daftari likiwa juu ya usukani. Joto. Simba anakoroma, au ni tumbo la Mwalimu.

Nimesema. Gari limezimwa, breki haina kazi, nikaona ndiyo nafasi yenyewe. "Sitaki unioe. Sikutaka tangu mwanzo."

Mama: "Sema taratibu, utamwamsha."

Mwalimu hana mlango wa kutokea, kama nilivyopanga, na sikuona raha yoyote. Akasema mtu mwenye hofu haamui jambo. Nimebanwa na simba, lolote litanitoka. Tusubiri aondoke, kisha nimwambie tena.

Kule kilimani, siku ya lori, hakusema hivyo.

"Unaandika nini, mwanangu?" Mama kauliza.

"Mambo yangu, Mama."

"Andika kwamba mimi nilikupenda."

Nimeandika.

Simba ameinuka. Kajinyoosha, anavuka barabara bila haraka. Mkia tu ndio umebaki nje ya majani. Sasa hata huo hauonekani. Mwalimu ameinama mbele, kichwa kati ya viti, ananukia pipi ya mnanaa. "Haya," anasema. Naona Mama kaweka miguu yote miwili juu ya breki, na gari wala halijawashwa —