Binti wa Ng'ambo Amelala Kitandani Kwako

Bibi yangu,

Asubuhi hii kuna binti wa ng'ambo amelala kitandani kwako, hapa Kitaya. Ndiyo, ng'ambo hiyo hiyo ya Ruvuma, Msumbiji. Anaitwa Atija. Usinune kwanza, nisikilize. Nina furaha mno.

Siku ile naondoka kwenda kusoma Uturuki ulinirekebisha mtandio ukasema, "Huko uendako watu wote ni watu. Wa ng'ambo tu usiwaamini, wana mkono mrefu."

Nikafika bwenini, nikapangwa chumba kimoja na nani? Atija, wa kijiji ambacho moshi wake tunauona tukiwa shambani! Mwezi mzima nilifunga sanduku kwa kufuli hata nikienda kuoga. Herini ulizonipa zilipopotea, nikamwambia mbele ya wenzetu kwamba kachukua yeye. Hakubisha. Alitoa nguo zake zote, moja moja, akazitandaza kitandani nizipekue. Siku ya tatu nikazikuta herini ndani ya bitana ya koti langu. Bibi, aibu ile... sijui niiandikeje.

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale. Akasema, kwa Kimakonde kama chetu tu, "Hata mimi nyumbani niliambiwa hivyo hivyo kuhusu nyie. Simu yangu nalala nayo ndani ya foronya." Tukacheka mpaka machozi. Tangu hapo tukawa tunakula sahani moja.

Habari za kifo chako zilinikuta huko huko. Maziko nisingeyawahi. Atija ndiye aliyekaa nami, akanipikia uji, akakusomea Yasini. Yeye, Bibi. Amekuombea kabla hajakuona hata picha.

Jana nimemleta. Mama aliposikia anakotoka alinivuta jikoni, akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamweleza yote, hata la herini. Akachochea moto. Halafu akatoka, akamwambia, "Karibu mwanangu. Utalala chumba cha marehemu mama, ndicho chenye kitanda kizuri."

Sikulaumu. Ulinipa ulichopewa, na ulinipa kwa mapenzi. Ila lile onyo la watu wa ng'ambo nalirudisha.

Ijumaa tunavuka naye mto. Mama yake anatungoja, na mimi naogopa kidogo, sifichi, ila hamu imezidi. Mola akupe nuru huko uliko. Nakuahidi, wanangu nikijaliwa, watawajua watu wa ng'ambo kwa majina yao.

Mjukuu wako,
Somoe