Mie Kwenye Gia, Wewe Kwenye Rafadha

Mke mwenzangu Zainabu,

Salamu sikuletei, nasikia huko uliko hazikosekani. Nakuletea habari ya boti. Kaa usikilize, usinikatize kama ulivyozoea. Mkono huu ulijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la jioni la akina mama, nimeshika penseli kama mwiko. Herufi zikipanda na kushuka, vumilia. Mie nimekuvumilia wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiishi hapa Mbweni? Nyumba yangu upande huu wa njia, yako upande ule, na mume wetu Athumani katikati, anavuka na kobazi zake. Mie bi mkubwa, wewe bi mdogo, na hatusemeshani. Nikitaka kukutukana, natoka nje namtukana bata. Wewe ukitaka kunijibu, unavaa ile kanga yako yenye maneno, unapita mbele ya kibaraza changu polepole ili niyasome vizuri. Ulijua nimeshajua kusoma. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, nina wajukuu.

Hata boti ilikuwa na zamu kama mume. Wiki hii inafanya kazi ya nyumba yangu, wiki ijayo ya nyumba yako. Zilikuwa zama za ruksa, vitu vya nje vinamiminika, na mzee akapata mashine ya mtumba kutoka Dubai, akaifunga nyuma ya boti kuukuu ya baba yake. Tukabeba samaki na barafu, na Jumapili tukawapeleka watu wa mjini kuogelea kisiwani. Nyumba zote mbili zilikula humo. Hatukuwa na shamba wala duka.

Kisha gia ikaingia wazimu. Ukiweka fri, ili mashine isivute kokote, boti inatambaa yenyewe. Ukiweka ya nyuma, inajifikiria kwanza, halafu inakwenda mbele. Wiki yangu namwita fundi wangu, anakaza. Wiki yako unamwita wako, naye anakaza. Mie nikawa nasema, "Yule wa ng'ambo anaiharibu makusudi." Na wewe ulisema hivyo hivyo, usibishe. Sauti yako haijawahi kuwa ndogo.

Siku moja mzee anaingia pwani, anaweka gia ya nyuma ili boti isimame. Ikaruka mbele, ikagonga mwamba, yeye akatupwa nje. Mguu ukavunjika. Akatuita sote wawili pale kitandani, plasta mpaka gotini.

"Boti inauzwa," akasema. "Kuna mtu ana duka la vinyago Mwenge, anakuja kesho baada ya adhuhuri. Mie nilioa wake wawili, sikuoa mashine."

"Na nyumba mbili hizi zile nini?" nikamuuliza.

Akageukia ukutani. Alikuwa na tabia hiyo, Mungu amrehemu.

Asubuhi, maji yamekupwa, nikashuka pwani na spana nimeificha ndani ya kanga. Nikakukuta wewe umeshakaa ndani ya boti, na spana yako mapajani.

"Umekuja kuiba nini?" nikakuuliza. Hilo ndilo neno la kwanza kukwambia uso kwa uso tangu uolewe.

"Kile kile ulichokuja kuiba wewe, dada."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Ukainua mbao za sakafu, ukaanza kuufuata ule waya wa gia kwa mkono, kutoka mbele kwenye usukani mpaka nyuma kwenye mashine, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Grisi ilipozidi ukaivua kanga begani, ile ile ya mafumbo, ukaufutia waya. Nikayaona yale maneno yanamezwa na weusi.

"Fundi wako huwa anakazia wapi?" ukaniuliza.

"Huku mbele, kwenye mkono wa gia."

"Wangu anakazia huku nyuma." Ukanitazama. "Dada, waya ni mmoja."

Subhana Allah. Nilikaa kitako kwenye maji machafu ya ndani ya boti na gauni langu zuri. Waya mmoja, na kila nyumba inavutia kwake, wiki baada ya wiki, mpaka ukaisha urefu. Mashine ikanaswa kwenye gia ya mbele, haina pa kurudi. Haikuwa kichaa hata kidogo, sisi ndio tuliokuwa tunaitia kamba shingoni.

Tukalegeza ncha zote mbili. Nikausimamisha mkono wa gia katikati. Wewe nyuma ukaisukuma gia kwenye fri, ukaizungusha ile rafadha, pangaboi la chini, mpaka ikawa inazunguka bila kushika kitu. Ndipo tukafunga upya, wewe unapima, mie naropoka.

"Sasa!" nasukuma mbele.

"Bado. Rudisha kidogo."

"Sasa?"

"Bado, wee dada una haraka ya kwenda wapi?"

Halafu ikashika. Niliisikia kiganjani, kitu kimeingia mahali pake kule nyuma nisikokuona, na wakati huo huo ukapiga kelele. Nimezaa, nimezika, nimeuona mwezi ukiliwa. Lakini mie kusogeza mkono hapa na wewe kuusikia kule mkononi mwako, hilo lilinisimamisha nywele.

Mchana maji yakajaa. Yule bwana wa Mwenge akaja, mzee kabebwa kwenye kiti. Nikaweka gia ya nyuma, boti ikarudi nyuma taratibu kama bibi harusi. Nikaweka fri, ikatulia. Mzee akatutazama mie na wewe, weusi wa grisi mpaka masikioni, akamwambia mgeni, "Niwie radhi, bwana. Wenye boti wamekataa."

Baada ya hapo mume tuliendelea kumgawana kwa zamu. Boti, hapana.

Sasa mzee katangulia, na wewe ukamfuata bila kuniaga, adabu huna. Hitima yako haijapoa, watu wananiambia mie na mwanao Tatu tuuze boti tugawane, kila nyumba na chake. Na gia nayo, kama imewasikia, imeanza tena kugoma.

Leo asubuhi nilimwambia Tatu abaki nyumbani. Nikaenda peke yangu, nikashika mkono wa gia, na kwa mazoea nikasema, "Sasa!" Nikajiona mjinga, bibi mzima anasema na upepo.

"Bado, mama mkubwa. Rudisha kidogo."

Sauti yako, Zainabu. Na ule ukali wako wote. Sikugeuka, niliogopa kugeuka. Nikarudisha kidogo. Ikashika, nikaisikia kiganjani kama siku ile. Nilipogeuka nikamwona Tatu ameinama pale pale ulipoinama, grisi viwikoni, amenifuata kwa ukaidi aliourithi unajua wapi. Nimemgombeza mpaka nimechoka. Naye ananicheka tu.

Hao wa kugawana nimewaambia wakagawane vya kwao.

Lala, bi mdogo. Huku nyuma kuna mtu.

Ni mie, mke mwenzako,
Bi Mkubwa