Prognosi Ni Ng'ombe ya Nani?

Kwa mpwa wangu, Daktari Frankline,

Hapa Kosele mahindi imekomaa, na mimi siku hizi ni mwalimu. Usicheke! Darasa la sita yangu, pamoja na Mwanza na Kampala nilikotembea, imetosha. Chuo kinaniita nijifanye mwenye ng'ombe mgonjwa, ili wanafunzi wa udaktari wa mifugo, kazi hiyo yako, wajifunze kuongea na watu. Juzi msichana mmoja akaniambia, "Mzee, prognosi ni mbaya." Nikamuuliza, "Prognosi ni ng'ombe ya nani?" Wakacheka wote. Nikawafunza: kaa chini kwanza, uliza ng'ombe inaitwa nani, ndio useme itakufa.

Lakini ng'ombe ya mama yako iliposhindwa kuamka, wewe ulituma ujumbe kwa simu yangu: "Ichinjwe tu." Ilikuwa ya mwisho, Frankline. Zingine zote ziliuzwa usome. Dada yangu Phelesia hajui kusoma, kwa hivyo nilimsomea mimi, na ualimu wangu wote ukakosa neno la kulainisha.

Jana mchungaji wa kanisa alimuuliza mama yako habari ya kijana wake daktari. Akajibu, "Kijana gani?"

Usitume ujumbe mwingine. Njoo mwenyewe.

Mjomba wako anayekupenda bado,
Nashon