Mama Alipopiga Hodi Juani

Kwako yaya Saidi, kaka yangu mkubwa, Kasongo.

Asalam aleikum, yaya wangu. Barua hii naomba ikukute umekaa mbele ya duka lako, mzima, na kile kidonda cha mguu uliochomwa na bomba la pikipiki kiwe kimefunga. Shemeji hajambo? Kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, na Mama naye anapumua. Nimelisema hilo mapema makusudi. Najua video imeshafika Kasongo, ile ya Mama amelala chini na binti wa kizungu mwenye kofia amepiga magoti kando yake, na najua wameshakuambia amekufa. Hajafa. Sasa hivi yuko jikoni kwangu ananilaumu kwamba sombe yangu ya majani ya mihogo haina mawese ya kutosha.

Ningekupigia simu, lakini nakujua. Ungenikatiza kabla sijafika katikati, uanze kufoka, halafu réseau ya simu ikatike nibaki na matusi tu sikioni. Barua haikatizwi. Nampa mama mmoja wa mtaa wetu anayekuja huko kwenye ndoa ya mwanawe, na nimemwambia asikupe mpaka uwe umekaa.

Nianze na zile triko mbili za sufu ulizomnunulia Mama sokoni ukamtumia kambini, ukasema Ulaya ni baridi, itamuua. Yaya, tulidanganywa sote. Kwenu sasa ni kiangazi, asubuhi mnajifunika blanketi na kuota moto. Huku Teksasi kiangazi ni kitu kingine. Mimi niliyezaliwa Wamaza, niliyepalilia karanga jua likiwa utosini, nilidhani jua nalijua. Jua la kwetu lina adabu, likizidi wingu linakuja, mvua inapiga, watu wanapumua. La huku linawaka siku baada ya siku bila hata wingu la kupita. Ukifungua mlango ni kama umefunua sufuria ya mihogo inayochemka, mvuke wote usoni. Sifa, binti yangu, aliungua paja kwa chuma cha mkanda wa gari. Mkanda wa gari, yaya! Hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyepika. Zile triko ziko kwenye sanduku, na kila nikiziona nacheka peke yangu.

Kwa sababu ya joto hilo, Mama amekuwa mtu wa ndani. Tangu afike hakulizoea jengo letu. Milango imepangana kwenye ushoroba, yote imefungwa, na kila mtu anakaa na mashine yake ya ubaridi. Siku za mwanzo alijitanda kitenge chake kizuri akapita mlango kwa mlango kupiga hodi, asalimie majirani kama inavyotakiwa. Hakuna aliyejibu. Mmoja alifungua kidogo, akamwangalia, akafunga. Mama akarudi akaniuliza, "Zaina, hii mugini iko na watu kweli?" Nikamwambia kijiji hiki kina watu, wako kazini. Tangu hapo wimbo wake ukawa mmoja tu, nirudisheni kwangu. Na wewe kila ukipiga simu ni hilohilo, mrudishe Mama, Wamaza imetulia, nyumba imesimama. Nakuambia wazi, mimi sikutaka arudi. Tulikimbia naye mguu kwa mguu mpaka kambini Tanzania, nikaletwa huku nikamwacha, nikaomba miaka na miaka mpaka wakamleta. Leo nimrudishe kwa sababu majirani hawaitiki hodi? Nilikasirika, ndiyo maana mara nyingine sikupokea simu zako.

Basi kazini kwa mume wangu Asumani wakawapa wafanyakazi tikiti za kwenda na jamaa zao kwenye parke kubwa ya michezo. Nikasema hapo hapo ndipo Mama atakapoipenda nchi hii. Loo.

Ajabu ya kwanza ilikuwa getini. Mama alibeba kibido chake cha maji, unamjua, hasafiri bila maji. Wakamnyang'anya. Maji ya nje hayaingii, ya ndani yanauzwa. Mama hakugomba, akawaachia kibido chao. Tulipomnunulia chupa alinywa funda moja akamrudishia Sifa. Akasema mtu anayemnyang'anya msafiri maji halafu akamuuzia, hayo maji yake hayapiti kooni.

Tukatembea. Lami ilikuwa laini kwa joto, kandambili zinanata. Mahali fulani kuna mabomba yanayonyunyizia watu maji membamba kama ukungu, wazungu wanasimama chini yake wamefumba macho. Mama akakataa kupita, akasema hiyo ni dawa ya kipindupindu, walishampulizia kambini, hataki tena. Nilicheka, yaya. Nilikuwa bado nacheka wakati huo.

Halafu tukasikia yowe. Wana treni inayopanda juu ya vyuma, juu kuliko mnazi, kisha inaporomoka na kuwageuza watu miguu juu kichwa chini, na wote wanapiga yowe kwa pamoja. Mama akachuchumaa palepale, akajifunika kitenge kichwani, akanivuta mkono. "Zaina, lala chini! Wanauawa!" Wewe hukuwepo Wamaza siku ile vita ilipoingia, ulikuwa Kasongo kwenye biashara, hukusikia tulichosikia. Mimi nilisikia, nami nilishachuchumaa kando yake kabla akili haijanirudia. Nikamwonyesha wanavyoshuka wakicheka, wengine wanarudi kupanga mstari juani wapande tena. Mama aliwatazama muda mrefu. "Wanalipa juu ya kuogopa?" akauliza. "Sisi walitutisha bure." Asumani alicheka mpaka akashika magoti. Mimi nilitaka kulia.

Ikaonekana Sifa amechoka, Asumani akamchukua wakatafute barafu, nami nikabaki na Mama tutafute kivuli. Ndipo tukaiona nyumba.

Yaya, sijui nikuelezeje. Wazungu hawa wametengeneza sehemu ya parke wakaiita Afrika. Kuna nyumba ya udongo yenye paa la majani, lakini udongo ni saruji iliyopakwa rangi na majani ni plastiki. Mlango uko wazi. Nje kuna kinu na mchi wake, vimegundishwa chini visiibiwe. Kuna mafiga matatu na chungu juu yake, na chini ya chungu taa nyekundu inayocheza kama moto. Ndani wameweka mashine ya ubaridi, watu wanaingia kupoza mwili na kutokea mlango wa nyuma. Nilishtuka mpaka nikasahau joto. Mama yeye alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake tangu uwanja wa ndege.

"Ona sasa! Iko watu wa kwetu hapa, na haukuniambia!"

Akaenda mpaka mlangoni, akajifunga kitenge vizuri, akasimama kando, si katikati ya mlango. "Hodi!" Kimya. Nikamwambia, "Mama, ingia tu, hapana mutu." Akanitazama kama nimetukana. "Hodi, wenyewe!" Kimya. Wazungu wanampita, wanaingia, wanatoka. Hodi ya tatu aliipiga kwa sauti kubwa, sauti ile ya kutuita kutoka mtoni. Kimya.

Unakumbuka alivyotufundisha. Hodi tatu, usipoitikiwa rudi nyuma, hata mlango uwe wazi, hata mvua iwe inakunyeshea. Wewe alikuchapa siku ulipoingia kwa jirani kuchukua kaa la moto bila kuitikiwa. Basi Mama akarudi hatua chache, akakaa juu ya jiwe kando ya kinu, juani, mikono magotini.

"Mama, inuka. Jua itakuua."

"Nawangoja. Wamekwenda ku shamba, watarudi."

"Hakuna mwenyewe, Mama. Ni nyumba ya kuchezea."

"Kinu iko. Mafiga iko. Moto inawaka. Halafu unaniambia haina mwenyewe? Usinidanganye, Zaina, mi si mutoto."

"Lakini wazungu wote wanaingia!"

"Wale hawakufundishwa. Weye nilikufundisha."

Nikamshika mkono, akaning'oa vidole kimoja kimoja. Asumani akarudi na barafu, Mama akaikataa. Asumani ana nguvu, kazini anabeba mizigo ya watu wawili, lakini atamshikaje mkwe wake kiunoni mbele za watu? Alisimama akiangalia viatu vyake na kusema, "Mama mukwe, tafazali. Mama mukwe, tafazali." Binti mmoja mfanyakazi, mwenye kofia, akaja na mwavuli na maneno mengi matamu ya Kiingereza. Mama alimwambia asante akageuka upande wa pili.

Kisha nikaona hatoki jasho tena. Sisi sote tunamwaga maji mwilini, yeye paji la uso limekauka kama sahani, na ngozi inachoma. Midomo imepauka. Akanitazama vizuri, akasema, "Zaina, baba yenu anakawia leo. Mubakizie ugali."

Baba, yaya. Tuliyemzika Wamaza tungali hatujui vita ni nini. Sikulia wala sikufikiri, nilikimbia. Nilizunguka nyuma ya ile nyumba, nikaingia kwa mlango wa kutokea nikiwasukuma watu kwa viwiko, nikafika ndani ya mlango wa mbele, nikajificha ukutani asinione, nikapaza sauti:

"Karibu! Karibu, mama! Pita ndani! Jua ni kali, ingia upumzike, mwenye nyumba niko!"

Wazungu wote waligeuka kunitazama, sijui walinidhania mimi ni sehemu ya mchezo. Nikaita tena. Nikachungulia. Mama alikuwa ameinua kichwa. "Aksanti," akasema, "tulikuwa tunangoja." Akajaribu kuinuka, yule binti mwenye kofia akamshika mkono upande mmoja, Mama akavua kandambili, akatanguliza mguu wa kulia, akaingia. Akasalimu. Kisha akalala chini kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Hapo ndipo ile video iliyokufikia ilipopigwa, na mtu wa kwetu, simtaji jina, aliyekuwa na mkono wa kushika simu lakini hakuwa na mkono wa kumletea maji. Mungu anamwona.

Yule binti alimwekea barafu shingoni na kwapani, akamlowanisha nguo, wakaja watu wa gari la wagonjwa. Wakati wanambeba alifungua jicho akaniambia niwape wenyeji asante. Hospitali walimtundikia maji mpaka mwili ukapoa. Daktari alisema angekaa pale nje kidogo tu zaidi, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mimi nilikaa kando ya kitanda nikiangalia maji yakidondoka kwenye mrija.

Alipopata nguvu nikamwomba radhi kwa kumdanganya. Akanicheka. "Unazani sikujua ni weye? Nilikuzaa, nisijue sauti yako? Nilijua."

"Sasa kwa nini ukaingia, Mama?"

"Sababu mulango ulijibu. Tangu nifike huku, ni wa kwanza."

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Akauliza, "Kule kwangu Wamaza, iko mutu ndani?" Nikasema yaya Saidi anasema kuta ni nzima na paa lipo. Akasema, "Sikuulizi kuta. Hii nayo ilikuwa na kuta. Nikifika kule nikapiga hodi ikanyamaza, ni sawasawa na hapa. Kama hapana mutu, muniache nife hapa hapa."

Basi yaya, nakuuliza kwa niaba yake, na unijibu ukweli hata kama unakuaibisha. Kuna mtu ndani ya nyumba ile? Moto unawashwa? Nakujua, unaweza kupita na pikipiki ukaangalia paa ukarudi dukani ukasema nyumba ipo. Hiyo haitoshi. Mimi niliyekuwa namng'ang'ania nimekubali arudi, na kulikubali neno hilo kumenitoa machozi ambayo hujawahi kuyaona. Mwili wake ukishapona sawasawa, nitamleta mwenyewe. Lakini sitamleta kwenye kinu kilichogundishwa chini. Nenda ukakae pale, wewe na shemeji na watoto, duka mwachie mtu. Lala mle, pika mle, gombaneni mle, moshi utoke.

Nisalimie shangazi Aziza wa mawese, mwambie chupa aliyonitumia kambini naikumbuka mpaka leo. Nisalimie mudogo wetu Ramazani, na ajitayarishe, pikipiki yake ndiyo itakayombeba Mama kutoka Kasongo, apite taratibu kwenye mashimo. Nisalimie shekhe aliyetufundisha alif, na shemeji, na watoto wote kwa majina. Sifa anawasalimu. Asumani anasema utamsamehe kwa kutomshika mkwe.

Yaya, Mama atashuka kwenye pikipiki na vumbi na kiu, mbele ya nyumba yake mwenyewe, na hataingia. Atajifunga kitenge, atasimama kando ya mlango, atapiga hodi. Usimngojeshe mpaka ya tatu.

Ni mimi mdogo wako,
Zaina