Joto Nililowapa Samaki

Makindu, Jumatano, Julai 1999. Baridi tupu. Jua halijaonekana tangu Jumapili, na upepo unaingia kila pembe ya nyumba.

Leo nimezika samaki. Nilichimba shimo moja nyuma ya choo, nikamwaga ndoo mbili na nusu. Sikuwahesabu. Wiki iliyopita ungeniuliza, ningekuambia idadi yao tangi kwa tangi.

Naandika sasa, kabla sijapata njia ya kujieleza vizuri. Nikingoja wiki moja nitakuwa nimeshajitengenezea kisa ambacho mimi si mbaya sana.

Stima ilipotea Jumatatu saa sita mchana. Mgao tumeuzoea. Redioni wanasema mabwawa yamekauka, kila mahali pana saa zake za giza, na mimi saa zetu nimeziandika kwa chaki kwenye mlango wa nyumba ya samaki. Lakini huu haukuwa mgao. Transfoma iliyo upande wa stesheni ililia kishindo kimoja, moshi ukatoka, mtaa mzima ukazima. Nilienda ofisi ya stima. Kijana wa kaunta akaniambia fundi atatoka Machakos.

"Lini?"

"Akipata gari, mzee."

Nyumba yangu ya samaki ni stoo ya matofali iliyo nyuma ya jikoni. Ina matangi kumi na mawili ya vioo, nimeyaunda kwa mkono wangu mwenyewe, na paa lake nimelibandika katoni kwa ndani lisipitishe baridi. Nilipopunguzwa kazi reli, wenzangu walinunua ng'ombe, wengine wakafungua vioski. Mimi nilinunua vioo na gundi. Ujuzi niliupata kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la spea hapa mjini na tangi moja nyuma ya kaunta. Samaki hawa si wa kuliwa. Ni wadogo, wa rangi, asili yao ni nchi za joto, na maji yao lazima yawe na joto kila saa. Kila tangi lina hita yake ya stima na mpira unaoleta hewa kutoka kwenye pampu. Stima ikikatika, maji huanza kupoa na hewa huanza kuisha. Ni hivyo tu. Ukichelewa, unakuta wamelalia ubavu.

Watoto wa shule huja Jumamosi kutazama. Watu huniita Kioko wa Samaki. Nilikuwa nalipenda jina hilo kuliko cheo chochote nilichowahi kupewa kazini.

Maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa kubwa ni ya samaki. Sisi tunakunywa ya kioski, yenye chumvi. Sikuwahi kuona ubaya wa jambo hilo mpaka leo nilipoliandika.

Mwaitu, mama yangu, yuko kwetu tangu Aprili. Nilimtoa Tseikuru kwa sababu ya kifua. Kule alikuwa akikohoa peke yake nyumbani, mbuzi zizini, jirani wa karibu akiwa mbali. Daktari wa hospitali ya misheni alituambia jambo moja: asipigwe na baridi. Mke wangu Mbithe, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyelishika neno hilo. Kila siku, kabla ya kwenda darasani na baada ya kurudi, humfukiza kwa maji moto yenye majani ya mkaratusi, kisha humwekea chupa ya maji moto miguuni. Mimi nilikuwa naona Mbithe anafanya, nikaona inatosha.

Jana Mbithe alikwenda mjini Wote, ofisi ya elimu, kwa ajili ya barua yake ya uhamisho. Alikuwa ameitwa, hangeweza kukosa. Kabla hajatoka alisimama mlangoni akiwa na mkoba.

"Baba Mwende, makaa ni hilo debe tu mpaka lori lije. Ni ya Mwaitu. Mpe uji asubuhi. Saa nne umfukize, saa nane umfukize tena. Chupa ya miguuni isipoe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakutaja samaki hata kidogo.

Uji nilipika. Hilo ni kweli, na nashangaa jinsi ninavyolishikilia. Nilimpelekea, akanywa nusu, akajilaza akiangalia ukuta. Nikatoka, nikaenda nyuma kuangalia matangi mara moja tu.

Kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Kinatakiwa kiwe ishirini na sita. Neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu, walikuwa wamekusanyika chini kwenye pembe, hawatikisiki. Gapi, wale wenye mikia ya rangi, walikuwa juu wakihema kwa midomo. Na katika tangi la mwisho walikuwa enjeli wangu, wale wapana wenye mapezi marefu. Miaka mitatu nimengoja wazae. Walikuwa wametaga wiki iliyopita juu ya kipande cha sleti, jiwe bapa nililowasimamishia, na Jumapili, nikiwa bado na tai ya kanisani shingoni, nikaona mayai yamekuwa watoto. Walikuwa wameng'ang'ania sleti kwa vichwa, mikia ikichezacheza. Wembamba kama uzi. Baba na mama walikuwa wakiwapepea kwa zamu.

Nikajiambia: sufuria moja tu.

Nilihamishia jiko na debe la makaa huku nyuma, nikachemsha sufuria moja ya maji, nikayajaza kwenye chupa, nikazitumbukiza chupa ndani ya matangi. Maji yakapanda nyuzi moja. Nikachemsha ya pili. Nilitoa blanketi kwenye kitanda chetu nikafunika tangi la enjeli, nikatafuta magunia ya kufunika mengine. Nikafunga mpira kwenye pampu ya baiskeli, nikawa napampu hewa, tangi hili, tangi lile, halafu nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa. Mkono ukichoka wa kulia, nashika kwa wa kushoto.

Saa nne ilipita nikijua kwamba inapita. Sitaki kusema nilisahau. Niliangalia saa yangu mara mbili. Nilijiambia Mwaitu amelala, na mgonjwa aliyelala haamshwi. Nilijiambia ana blanketi mbili. Nilijiambia mtu anaweza kusema akisikia baridi, lakini samaki hawezi. Niliona hoja hiyo ni nzuri sana.

Chupa yake ya miguuni niliichukua pia. Niliingia polepole nikaichomoa chini ya blanketi. Ilikuwa imepoa, nilisema naenda kuijaza. Niliijaza. Nikaiweka kwa enjeli.

Yapata saa nane mlango wa nyumba ya samaki ulisukumwa. Alikuwa Mwaitu, amejifunga leso mabegani, miguu mitupu, mkono mmoja ukutani. Alikuwa ametembea peke yake kutoka chumbani, akapita uwanjani kwenye ule upepo.

"Kioko," akasema, "kumbe moto uko huku."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu aliyetafuta kitu na hatimaye amekiona. Akaja akaketi kwenye ndoo niliyokuwa nimeigeuza kuwa kiti, karibu na jiko, akanyoosha viganja.

Nilivuta gunia moja kutoka kwenye tangi nikamfunika. Na hapa ndipo pabaya kuliko pote, kwa hiyo nitapaandika kama palivyokuwa. Nilipomfunika, macho yangu yalienda kwanza kwa lile tangi lililobaki wazi.

Akaangalia vioo kwa muda. "Hawa ndio wanakuzuia kulala?"

"Ndio hawa, Mwaitu."

"Na wale watoto wao uliotuambia Jumapili, wako wapi?"

Nikamwonyesha. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo. Macho yake si mazuri, lakini aliwaona, kwa sababu alicheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma.

Pale ningembeba. Mama yangu siku hizi ni mwepesi, ningembeba kwa mkono mmoja. Ningemrudisha kitandani, nikamfukiza kwa makaa yaliyobaki. Lakini yaliyobaki yalikuwa yale yaliyokuwa yakiwaka mbele yake, na juu yake kulikuwa na sufuria ya samaki. Nikamwambia, "Kaa hapo upate joto." Nikaendelea kuchota.

Alikaa pale zaidi ya saa mbili. Jiko lilipozima sikumbuki.

Mbithe alirudi saa kumi na moja. Alianza chumbani, nikamsikia akiita, halafu akaja nyuma. Alimkuta Mwaitu ameegemea ukuta ndani ya gunia, midomo imekuwa ya kijivu, pumzi inakwaruza. Hakunipigia kelele. Alikimbia kwa Mama Njeri, jirani yetu aliyehamia hapa kutoka Murang'a, mwenye hoteli ya chai barabarani na pikapu. Tukampandisha Mwaitu mbele. Mbithe akampakata kama mtoto, mimi nikakaa nyuma.

Hospitalini wakasema ni nimonia. Wakamwekea hewa puani. Nilisimama nikaangalia ule mpira mwembamba, na nikajua unafanana na nini, na nikaona aibu hata ya kuufananisha.

Mbithe akaniuliza mbele ya kitanda, kwa sauti ya chini, "Ulimfukiza?"

"Ndiyo."

Neno likatoka lenyewe, kama pale mtu anapokuuliza habari nawe unajibu nzuri.

Halafu Mwaitu, ambaye tulidhani hatusikii, akafungua macho. "Alinifukiza," akasema. Akavuta pumzi. "Mara mbili. Mimi ndiye nilitoka. Nilitaka kuona samaki."

Nesi akamwambia asiongee, ajipumzishe. Mama yangu, ambaye husali asubuhi na jioni, ambaye alinichapa nikiwa darasa la pili kwa sababu ya uongo mdogo wa kalamu, alitumia pumzi aliyokuwa akiitafuta kunidanganyia. Nami nikaipokea.

Mbithe alibaki naye wodini. Mimi nikaambiwa nirudi nyumbani.

Leo asubuhi saa tatu stima imerudi. Taa zote ndogo za hita zikawaka nyekundu kwa pamoja, pampu ikaanza kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Gapi wote walikuwa wamekufa. Neoni wote. Wengine nilikuwa nao tangu mwaka wa kwanza.

Enjeli wawili walikuwa hai. Walikuwa wakielea juu ya sleti, wazuri, wametulia. Sleti ilikuwa tupu. Hata mtoto mmoja hakuwepo, wala maiti. Mwenye kufuga anajua maana yake. Wakishtushwa sana, enjeli hula watoto wao. Huenda ni baridi. Huenda ni mimi na chupa zangu, kuingiza mkono kila dakika. Wale ambao kwa ajili yao nilimwibia mama yangu joto waliishia kwenye matumbo ya wazazi wao, labda hata kabla Mbithe hajafika kutoka Wote.

Mbithe alikuja saa sita kuoga na kubadilisha nguo. Akasema Mwaitu amekunywa vijiko viwili vya uji, pumzi imetulia kidogo, lakini daktari hataki kusema kitu mpaka kesho. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu Mbithe, ambaye kwa miaka hii yote hajawahi kuingia nyumba ya samaki ila kuniita chakula, aliingia. Akaona ndoo. Akakunja mikono ya gauni, akachukua wavu, akaanza kunisaidia kuwatoa.

"Pole, Baba Mwende," akasema. "Najua ulivyowapenda."

Ile pole ndiyo iliyonimaliza. Angenitukana ningevumilia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na chupa ya miguuni, pamoja na saa nne iliyopita nikiiangalia. Niliongea na vioo, sikuweza kumwangalia.

Akaendelea kuchota na wavu mpaka nikamaliza. Halafu akauweka chini.

"Nilijua jana," akasema. "Makaa ya debe zima hayaishi kwa kufukiza mtu mmoja. Nilikuuliza pale hospitali ili uniambie. Badala yake ukamwacha Mwaitu akujibie."

Nikauokota wavu, nikaukung'uta.

"Kesho utaenda wewe kumwona. Peke yako, mimi nitakuja jioni. Umwambie aache kusema uongo kwa ajili yako. Mtu akiwa katika hali ile hajui kama ataamka, Kioko. Unataka aende na hilo?"

Miaka ishirini na sita ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza ameniita Kioko, si Baba Mwende.

Akaoga, akachukua blanketi lililokuwa juu ya tangi, akalikung'uta, akaenda nalo hospitali ingawa lilikuwa na unyevu. Nikasema nitamsindikiza. Akasema hapana.

Nimechimba shimo, nimefukia. Nimekaa hapa na daftari hili tangu saa kumi.

Saa saba kesho ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Nitapika uji, nitaufunga kwenye flaski. Nitaketi upande ambao hakuna nesi. Yeye ataniuliza samaki wanaendeleaje, najua ataniuliza, na itabidi nimkatize. Nina miaka hamsini na mbili. Nimejaribu maneno ya kwanza mara sita katika ukurasa huu na yote nimeyakata.

Naanzia wapi, Mwaitu?